"Niliwasha taa tu": je, nimevunja amri ya Usiue?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Moshi, ni Mlutheri, nina mke na mtoto mmoja. Mwaka jana, usiku, vijana wa kijiwe chetu walimkamata kijana akiisukuma pikipiki ya mwenzetu iliyokuwa imeegeshwa nje ya kibanda cha chipsi. Wakaanza kumpiga. Palikuwa na giza, wakaniambia, "Washa taa tumwone," nikawasha taa ya pikipiki yangu na kuielekeza pale. Sikumgusa. Alikufa kabla polisi hawajafika. Nasikia ameacha mama na mtoto mdogo. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia nisijisumbue, kwa kuwa amri inalinda damu isiyo na hatia, na hata Musa aliruhusu mwizi wa usiku auawe. Rafiki yangu Mlokole anasema mimi ni muuaji kama wao, na wauaji hawataurithi ufalme wa Mungu. Nani yuko sahihi? Nifanye nini, na je, niendelee kushiriki Meza ya Bwana?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Mzee wako wa kanisa amekosea sana, na rafiki yako Mlokole amekosea kiasi. Kama walibishana pia juu ya namba, mmoja akisema amri ya tano na mwingine ya sita, liacheni hilo: Walutheri na Wakatoliki huihesabu ya tano, Waanglikana, Wapentekoste na Wasabato huihesabu ya sita, na amri ni ileile.

Nianze na andiko la mzee, kwa sababu lipo kweli na linastahili kusomwa hadi mwisho. Ni Kutoka 22:2-3. Mstari wa kwanza unasema kwamba mwizi akikutwa anavunja mahali, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Wengi huishia hapo. Mstari unaofuata unasema kwamba jua likiwa limekwisha kucha juu ya mwizi huyo, aliyemuua ana hatia ya damu. Halafu sheria inaendelea kueleza mwizi atendewe nini: alipe, na kama hana kitu, auzwe kwa ajili ya wizi wake. Kwa maneno mengine, katika sheria hiyohiyo mwizi anatarajiwa kuwa hai kesho yake, akiwa na deni. Aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza alipe ng'ombe watano. Aliyeiba kondoo alipe wanne. Mnyama akikutwa bado hai mkononi mwake, alipe mara mbili. Hakuna mahali popote katika sheria ya Musa ambapo wizi wa mali unaadhibiwa kwa kifo. Kinachoadhibiwa kwa kifo ni kumwiba mtu ili kumuuza. Si sheria zote za zama zile zilikuwa hivyo, kwa maana sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli, za karne ya 18 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba mwizi aliyetoboa ukuta wa nyumba auawe mbele ya tundu lilelile alilolitoboa.

Kwa nini basi usiku unamwondolea mwenye nyumba hatia? Kwa sababu amezinduka usingizini, watoto wake wamelala chumbani, na katika giza hawezi kujua kama aliyeingia amefuata mbuzi au amefuata roho za watu. Hamwoni, hawezi kupima, hana wa kumwita. Anapiga ili kuokoa, na pigo linaua. Mchana hali hiyo haipo: mwizi anaonekana, anatambulika, anaweza kuzuiwa na kupelekwa kwa waamuzi, na kwa hiyo anayemuua amemuua tu.

Sasa lilinganishe andiko hilo na usiku wenu. Kijana hakuwa ndani ya nyumba ya mtu. Alikuwa barabarani, amezungukwa, amekwisha kukamatwa, na pikipiki imekwisha kurudi mikononi mwa mwenyewe. Hapakuwa na aliyekuwa akijiokoa. Kisha wenzako wakakuomba uondoe lile giza ambalo Musa alilihesabu kuwa udhuru. Baada ya taa kuwaka kila mtu aliona sura yake, umri wake, na kwamba hakuwa na kitu mkononi. Kwa kipimo cha andiko alilokupa mzee, taa yako ndiyo iliyofanya kazi ya jua. Sisemi hivyo ili kukuumiza, ila kwa sababu mzee amekupa andiko hilo kama utetezi, nalo ukilisoma lote linakushitaki.

Hoja yake nyingine, kwamba amri inalinda damu isiyo na hatia, ina msingi fulani. Maandiko yanazungumza mara nyingi juu ya damu isiyo na hatia, na kumuua asiye na kosa ni uovu usio na kifuniko chochote. Kosa la mzee ni kudhani kwamba mtu akishakuwa na kosa, damu yake inakuwa mali ya yeyote atakayemfikia kwanza. Kisa cha kwanza kabisa cha mauaji katika Biblia kinakanusha jambo hilo. Kaini amemuua nduguye, hana shahidi wa kumtetea, na anachokiogopa ni hasa kile kilichompata kijana wa kijiweni kwenu, yaani kwamba yeyote atakayemwona atamuua. Mungu anamhukumu Kaini, anamfukuza, lakini anamtia alama ili mtu amwonaye asimuue. Kama mwenye damu ya nduguye mikononi alilindwa dhidi ya mikono ya kila apitaye, sijui mwizi wa pikipiki amewekwaje nje ya ulinzi huo. Na sababu ya ulinzi imetajwa katika Mwanzo 9:6: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mfano huo hatuupati kwa tabia njema, kwa hiyo hatuupotezi kwa kuiba.

Isitoshe, nani alithibitisha kwamba alikuwa mwizi? Kumbukumbu la Torati 19:15 inakataa shahidi mmoja kwa kosa lolote, na 17:6 inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajauawa kwa hukumu. Inawezekana kabisa kwamba kijana aliiba. Wewe mwenyewe waeleza kwamba alikutwa akiisukuma. Lakini hakuulizwa neno, na asiyeulizwa hawezi kujibu. Kila aliyeishi Arusha au Moshi kwa muda amewahi kusikia habari za mtu aliyepigiwa kelele za mwizi kwa sababu ya deni, au ya mwanamke, au kwa sababu alikuwa mgonjwa wa akili aliyeshika mlango usio wake. Katiba ya nchi yetu nayo, katika Ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hajathibitika kuwa na hatia, na Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, bila kuongeza "isipokuwa vibaka."

Mafundisho ya Kikristo juu ya nani anaweza kuua, na kwa sababu gani, hayakuwa na sauti moja nyakati zote, na si haki kukuficha hilo. Askofu Agostino, mwishoni mwa karne ya 4, alimwandikia mtu aliyeitwa Publicola kwamba hakubali hata raia wa kawaida kuua ili kujiokoa mwenyewe, isipokuwa askari au mwenye dhamana ya umma. Mwanateolojia Thomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alilegeza hapo: mtu anaweza kujikinga, na kama mshambuliaji atakufa kwa kinga hiyo si hatia, mradi nguvu iliyotumika haikuzidi ile iliyohitajika na nia ilikuwa kujiokoa. Wamenoniti, Wakristo wa dhehebu la amani waliofika Shirati, mkoani Mara, mwaka 1934, hata kinga ya namna hiyo huikataa. Kuhusu adhabu ya kifo pia makanisa hayalingani: Kanisa Katoliki lilibadilisha Katekisimu yake mwaka 2018 na kutamka kwamba adhabu hiyo haikubaliki, wakati Wakristo wengine wanaona Warumi 13 bado inampa mtawala upanga. Katika mabishano yote hayo, hata hivyo, sijaona mwalimu wa kanisa mwenye kusikilizwa aliyewahi kufundisha kwamba kundi la watu binafsi linaweza kumuua mtenda kosa aliyekwisha kukamatwa. Thomaso aliliuliza swali hilo waziwazi, kama ni halali mtu binafsi kumuua mwovu, na akajibu si halali. Hilo ni la yule tu aliyekabidhiwa jamii nzima. Wanaokubali upanga wanaukubali mikononi mwa hakimu, na wanaoukataa wanaukataa kwa wote. Kijiwe hakimo katika hesabu ya upande wowote.

Najua jibu linalotolewa kijiweni. "Ukimpeleka kituoni, kesho yuko mtaani anakucheka." Siwezi kulipuuza, maana uchungu wake ni wa kweli. Wengi wenu mnaendesha kwa mkataba, mnapeleka hesabu kila siku kwa mwenye chombo, na pikipiki ikiibwa deni linabaki na dereva huku chombo hakipo. Mtu aliyeibiwa namna hiyo ameporwa chakula cha watoto wake. Lakini dhamana ni utaratibu wa kusubiri kesi, wala haina maana kwamba mtu ameachiwa huru, na hata pale ambapo mtumishi wa umma amekula rushwa, uovu wake haujakuhamishia wewe mamlaka ambayo yeye ameyachezea. Warumi 12:19 iliandikiwa watu walioishi chini ya Kaisari Nero, ambao walikuwa na sababu kubwa kuliko zetu za kutoamini mahakama, nao wakaambiwa wasijilipizie kisasi.

Hapo ndipo neno la Yesu katika Mathayo 5:21-22 linapoingia. Wengi hulisikia kana kwamba linafanya kila hasira kuwa mauaji, kisha hulitupa kwa kuwa halitekelezeki. Mimi nalisoma kama neno la mtu anayejua jinsi mauaji yanavyotengenezwa. Anataja hasira, halafu tusi la kumdharau mtu, halafu tusi la kumfuta kabisa; yaani anafuata njia ambayo mkono hupitishwa kabla haujainuka. Kumbuka usiku ule kijana aliitwa nani. Sidhani kuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa kibaka, labda mbwa, na baada ya hapo kumpiga mtu asiye mtu kukawa rahisi. Amri inavunjwa mdomoni kwanza.

Sasa nije kwenye sehemu yako, ambayo ndiyo swali lako hasa. Unasema hukumgusa, nami nakuamini. Lakini Biblia haimhesabu muuaji kwa mkono peke yake. Daudi hakuwa hata karibu na Uria alipokufa. Alikuwa Yerusalemu, na waliompiga Uria walikuwa Waamoni katika vita halali. Hata hivyo nabii Nathani alimwambia usoni kwamba amemuua Uria kwa upanga wa wana wa Amoni. Na kuna mtu anayefanana nawe zaidi ya Daudi. Stefano alipopigwa mawe, mashahidi waliovua nguo zao waliziweka miguuni pa kijana aliyeitwa Sauli. Hakurusha jiwe, ila alitunza nguo ili wengine warushe vizuri, na Matendo 8:1 inaongeza kwamba aliona vema Stefano auawe. Miaka mingi baadaye, akiwa Mtume, akisimulia maisha yake (Matendo 22:20), hakusema "nilishika nguo tu." Alitaja damu ya Stefano, akataja kwamba alisimama karibu na kukubali, na akataja nguo, vyote katika pumzi moja, kama mtu anayekiri kosa.

Walimu wa maadili walilipanga jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Thomaso alipoeleza nani anawajibika kufidia madhara, alitaja njia tisa za kushiriki: kuagiza, kushauri, kukubali, kusifia, kumhifadhi mtenda, kushiriki tendo lenyewe, kunyamaza, kutozuia, na kutofichua. Zile tatu za mwisho zinambana yule tu aliyekuwa na wajibu na uwezo, kwa hiyo bibi kizee aliyechungulia dirishani akiogopa hawekwi katika fungu moja na mwenyekiti wa mtaa aliyekuwepo akageuza uso. Baadaye wanateolojia wakatenganisha ushirika wa nia na ushirika wa tendo. Anayesaidia huku akitaka lile linalotendeka ana hatia ya tendo hilo kama watendaji. Anayesaidia bila kulitaka, kwa hofu au kwa kutojua, hatia yake hupimwa kwa jinsi msaada wake ulivyokuwa karibu na tendo, na kwa uzito wa hofu yenyewe.

Hapa Arusha tuna ushahidi wa mambo haya uliosikilizwa kwa miaka 20, ingawa wengi waliopita nje ya jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, hawakujua. Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwezi Novemba 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliwatia hatiani watu ambao hawakushika panga. Mwaka 2003 baadhi ya waliohukumiwa walikuwa watu wa redio na gazeti, kwa maneno waliyoyatangaza na kuyachapisha. Katika shauri la padri Athanase Seromba, wa parokia ya Nyange, ambako kanisa lilibomolewa kwa tingatinga likiwa na wakimbizi wapatao 1,500 ndani, aliyeendesha tingatinga alikuwa mwingine. Mwaka 2008 majaji wa rufaa walisema kwamba kukubali kwake na maneno yake kwa dereva vilikuwa sehemu ya tendo lenyewe kama vile kuendesha, wakampa kifungo cha maisha. Sikulinganishi na mtu huyo; ukubwa wa uovu ule na wenu haukaribiani. Ninachotaka uone ni kwamba kauli ya "sikumgusa" ilishapimwa mbele ya majaji, kilometa 80 kutoka kijiweni kwenu, na haikutosha.

Kwa hiyo jiulize mambo haya mbele ya Mungu, maana mimi siuoni moyo wako. Uliposikia "washa taa tumwone," ulidhani wanataka kumtambua au ulijua wanataka kumpiga vizuri zaidi? Ulipoona wanapiga ili kuua, uliiacha taa ikiwaka? Kwa nini: uliogopa kwamba ukiizima watakugeukia na kusema unashirikiana na mwizi, au nawe ulikuwa unaona anastahili? Mtu aliyewasha kwa kudhani, akaganda kwa hofu, ana hatia ndogo kuliko aliyeielekeza taa vizuri kila kijana alipojikunja gizani. Hata hivyo, kwa jinsi ulivyoandika, sioni namna ya kukuambia huna sehemu yoyote. Una sehemu katika kifo kile. Haifanani na ya aliyepiga tofali la mwisho, lakini ipo, na dhamiri yako imelijua hilo kabla yangu.

Hapo ndipo rafiki yako alipopatia. Alipokosea ni pale aliposema habari imeishia hapo. Kweli 1 Yohana 3:15 na Ufunuo 21:8 ni maneno makali kwa wauaji wasiogeuka, lakini tukiyasoma kama rafiki yako itabidi tumtoe mbinguni Musa aliyemzika Mmisri mchangani, tumtoe Daudi, na tumtoe Paulo aliyeandika sehemu kubwa ya Agano Jipya. Kanisa la kwanza lilibishana sana juu ya jambo hili. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, katika ukali wake wa miaka ya mwisho, alidai kanisa halina ruhusa ya kumwondolea muuaji dhambi. Kanisa halikumfuata, ila halikufanya msamaha kuwa kitu chepesi. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Ankira wa mwaka 314 ulimruhusu aliyeua kwa makusudi apewe ushirika kamili mwisho wa maisha yake tu. Miaka 60 hivi baadaye Askofu Basili wa Kaisaria alipanga miaka 20 ya toba kwa aliyeua kwa makusudi: minne mlangoni pa kanisa akilia na kuwaomba waingiao wamwombee, mitano akisikiliza Neno na kutoka, saba akipiga magoti pamoja na watubuo, minne akisimama na waumini bila kushiriki. Kwa aliyeua bila kukusudia, 10. Na mwaka 390 Kaisari Theodosio, ambaye amri yake ilisababisha raia wengi wa Thesalonike kuchinjwa huku yeye akiwa Milano, alizuiwa na Askofu Ambrosi asishiriki Meza ya Bwana mpaka afanye toba hadharani, naye akaifanya. Hakuna anayekudai miaka 20 leo. Lakini watu wale walielewa kwamba aliyeshiriki kumwaga damu anahitaji njia ya kutembea, si neno moja la "umesamehewa, nenda."

Njia yako, kama unaniuliza, inaanza kwa mchungaji wako, faraghani. Maungamo ya siri si ya Wakatoliki peke yao. Luther aliyabakiza katika Katekisimo Ndogo uliyoisoma darasa la kipaimara, na mchungaji anayeyapokea analazimika kuyatunza. Mweleze lilivyokuwa, pamoja na ile taa. Mzee wa kanisa usiendelee kumtumia kama mshauri wa jambo hili.

Kuhusu polisi, nitasema kama mwalimu wa maadili, wala si mwanasheria. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, inawashika pamoja waliokuwa na nia ya pamoja, na anayesaidia kosa litendeke huhesabiwa kuwa mtenda. Kosa la mauaji halina dhamana. Kwa sababu hiyo usiende peke yako kwa pupa. Zungumza kwanza na wakili, na kama huna uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Mapokeo ya maadili kwa kawaida hayamlazimishi mtu kujishitaki mwenyewe ili apate ondoleo. Yanamlazimisha katika hali moja isiyo na mjadala: kama kuna mtu asiyehusika anayeshikiliwa au kushitakiwa kwa tendo hilo, huwezi kunyamaza, hata kama kusema kutakugharimu. Na ukiitwa kuwa shahidi, sema kweli yote, kwa maana Walawi 5:1 inamhesabia uovu aliyeona akaacha kusema. Binafsi naona kwamba mtu mwenye uzito kama wako hupata amani pale tu anapokuwa tayari kusema, lakini njia ya kufika hapo ipitie kwa mtu anayeijua sheria.

Halafu kuna mama na mtoto. Luther, katika maelezo yake mafupi ya amri hii, hakuishia kwenye kutomdhuru jirani mwilini. Aliongeza kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili, na katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aliandika kwamba ukimwacha mtu uchi na ungeweza kumvika, umemwacha afe kwa baridi. Thomaso naye anasema kwamba pale ambapo kilichoondolewa hakiwezi kurudishwa, kirudishwe kinachowezekana, kwa fedha au kwa heshima, kadiri mtu mwadilifu atakavyopima. Uhai haurudi. Ada, sare na chakula cha mtoto yule vinawezekana, kidogo kidogo, kutoka katika mapato yako ya siku. Ila jihadhari na kitu kimoja: fedha hizo zisiwe bei ya kuwanyamazisha. Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa uhai wa muuaji kwa sababu hiyohiyo, kwamba mwenye fedha asinunue damu. Wasaidie bila masharti, na kama familia inataka kwenda mahakamani, waende.

Kuonana nao ana kwa ana ni jambo jingine, na wakati wake huenda haujafika. Ukifika, usiende peke yako. Wazee wa Kichagga wanajua maana ya kumpelekea mtu jani la isale, ishara ya kuomba msamaha, na jinsi ilivyo vigumu kwa aliyekosewa kulikataa. Mila hiyo haipingani na Injili kwa lolote, nami nimewahi kuona wachungaji wakikaa pamoja na wazee wa ukoo katika mazungumzo ya namna hiyo. Kama familia ni ya kabila lingine, watafutwe wazee wao. Mama huyo ana haki ya kusikia kwamba kuna aliyekuwepo anayejuta. Ana haki vilevile ya kukataa kukuona.

Kuna pia kijiwe, ambako bado unakaa kila siku na watu walewale. Hapo mifano ya Biblia ni ya vitendo kuliko tunavyodhani. Rubeni alipoona ndugu zake wanataka kumuua Yusufu hakuwahubiria. Aliwaambia wamtupe shimoni wasimwage damu, akinuia kumrudisha kwa baba yao baadaye. Alinunua muda. Karani wa mji wa Efeso, katika Matendo 19, alilituliza kundi lililopiga kelele saa mbili nzima kwa kuwaambia kwamba mahakama zipo na watawala wapo, mwenye neno juu ya mtu na amshitaki, na kwamba wao wenyewe wako katika hatari ya kushitakiwa kwa fujo ile. Hoja hiyo ya mwisho hufanya kazi hata kwa watu wasiomcha Mungu. Kaeni mchana, vichwa vikiwa vimepoa, mkubaliane kama wanakijiwe: mwizi akikamatwa, wawili wamshike, mmoja apige 112, mwingine amwite mwenyekiti wa mtaa, na taa zote ziwashwe ili sura za wanaotaka kupiga zionekane. Wewe ndiye wa kulileta pendekezo hilo. Ukichekwa, chekwa.

Umemalizia kwa kuuliza juu ya Meza ya Bwana. Kaa kando kwa sasa, si kwa sababu umefukuzwa, bali mpaka uwe umeungama kwa mchungaji na kusikia ondoleo. Yeye ndiye atakayekuambia lini urudi. Kama usharika wako una utaratibu wa kurudi kundini mbele ya washarika, mwombe azungumze na wakili wako kabla ya kuamua nini kitamkwe hadharani, na wewe usilisimulie jambo hili katika kipindi cha ushuhuda kabla hawajakubaliana. Mkeo, kama bado hajui, mwambie wewe kabla hajasikia kwa wengine.